Mchezo wa Bastola Mbili

Nimewahi kuwauzia bastola mapadri wawili, daktari wa meno, na bibi harusi aliyekuwa bado amevaa shela. Hakuna hata mmoja wao aliyeua hata nzi, maana bastola zangu ni za zinki na hazipigi. Ukitaka kumuumiza mtu kwa bastola yangu itabidi umrushie, na hata hapo ulenge kidole cha mguu.

Duka letu limo ndani ya uwanja wa ndege wa Kettle Butte, Wyoming, Marekani, kabla hujafika kwa wakaguzi, kati ya mashine ya kahawa na kiti cha mpiga rangi viatu ambacho hakijakaliwa tangu mzee Amundson afariki. Uwanja wenyewe mdogo: mlango mmoja wa kwenda kwenye ndege, safari mbili kwa siku, upepo bure. Watalii huja kuona milima na farasi, kisha siku ya kuondoka hukumbuka kwamba kuna mtu nyumbani hawajamnunulia zawadi. Hapo ndipo wanaponikuta mimi, Nedra Stubblefield, na rafu yangu ya bastola bandia kumi na nne.

Mwenye duka ni shemeji yangu Merle, mdogo wake marehemu mume wangu Dell. Merle huyohuyo ndiye meneja wa uwanja, mwasha taa, mzibua vyoo, na ndege inapotaka kutua, mfukuza swala. Swala wa kwetu wanaipenda ile lami kwa sababu inatunza joto, na wakishalala pale hawaamki kwa adabu. Aliniajiri baada ya mgahawa wangu kuungua, siku watu wa bima waliponipa maneno matamu na si kingine. Kabla ya mgahawa nilikuwa nakimbiza farasi kuzunguka mapipa kwenye rodeo, yale mashindano ya wachunga ng'ombe, mpaka farasi mmoja akaamua kwamba pipa halizungukwi, linapitiwa katikati. Bega langu la kushoto hadi leo linatabiri mvua. Nayasema haya ujue kwamba nilikuwa nimeshaanguka sana, nikadhani nimemaliza aina zote za kuanguka.

Sasa, kuna sheria. Bastola, hata ya zinki, haiingii ndani ya ndege mkononi mwa abiria. Inakwenda kwenye sanduku linaloshuka tumboni mwa ndege. Kwa hiyo nilikuwa na utaratibu wangu. Mteja akinunua, naiweka bastola kwenye boksi, nafunga kwa kamba ya katani, nabandika lebo yangu ya njano iliyoandikwa BANDIA kwa herufi nene na sahihi yangu chini yake, kisha namsindikiza mpaka kaunta ya shirika la ndege, boksi linaingia sandukuni mbele ya macho yetu. Wakaguzi wakiona umbo la bastola kwenye mashine yao, wanafungua sanduku, wanaona njano, wanasema, "Ya Nedra hiyo," wanafunga. Kwa miaka tisa hakuna aliyewahi kukata kamba yangu. Nilijivunia ile lebo kuliko cheti changu cha ndoa, na vya ndoa ninavyo viwili.

Halafu kulikuwa na mchezo.

Mchezo niliubuni mwenyewe majira ya baridi ambayo biashara ilidoda. Natandika kitambaa chekundu juu ya meza. Naweka bastola mbili. Ya kulia ni ya zinki. Ya kushoto ni ya Dell, ya chuma, ya kweli kabisa, aliyoachiwa na babu yake. Risasi haina, silinda nilikuwa naikagua kila asubuhi mara tatu. Ya Dell nimeitia kizibo cha rangi ya machungwa kwenye mdomo wa mtutu, kama walichonacho bandia zote za rafuni, zifanane. Mteja anaruhusiwa kutazama, haruhusiwi kushika. Akitambua ipi ya kweli, nampa kishikio cha funguo. Akikosea, ananunua bandia. Wengi walikosea, na waliopatia walinunua vilevile kwa furaha.

Najua unavyonitazama. Lakini kwetu mtu kuja kazini na bastola ni kama kwingine mtu kuja na mwavuli. Hakuna aliyewahi kugeuza shingo. Na mimi nilikuwa nimejigamba mbele ya kila mtu kwamba ile ya Dell naweza kuitambua nikiwa nimefumba macho, kwa uzito tu: inazidi ya zinki kwa uzito wa yai moja. Ukivuta kinyundo cha nyuma, ya Dell inalia mara nne, tk-tk-tk-tk. Ya zinki inalia mara mbili halafu inanyamaza.

Siku yenyewe ilikuwa ya Septemba, mchana, ndege ya saa nane na nusu. Akaingia mzee mmoja mrefu, kofia ya sufu, mikono nyuma.

"Karibu, mzee. Unatafuta kitu au unamkimbia mke?"

"Mke ndiye huyu hapa," akasema, akaonyesha kwa kidevu. Nyuma yake alikuwa bibi mdogo mwenye koti la bluu, tayari anapapasa taulo zangu za jikoni na kukagua pindo.

"Basi pole. Umeshakamatwa."

"Miaka arobaini na tisa sasa. Dhamana wamenikatalia."

Nikampenda papo hapo. Jina lake Lorne Boutilier, mke wake Avis, watu wa Nova Scotia, Kanada. Yeye alikuwa mkata tiketi kwenye kivuko, mke alikuwa na duka la vitambaa. Walikuja kumtembelea mpwa wao, na sasa wanarudi nyumbani kwa ndege tatu, hii ya kwetu ikiwa ya kwanza. Mzee alitaka zawadi ya kumkera jirani yake anayependa sinema za wachunga ng'ombe.

"Una bahati," nikamwambia. "Leo unacheza na bingwa." Nikatandika kitambaa.

Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa meza. Alipumua kwa nguvu kama mtu anayesoma barua ya serikali. "Usinisaidie," akasema.

"Sina mpango huo."

"Avis, njoo utazame."

"Natazama taulo," akajibu mkewe.

Hapo ndipo Kinsley, binti wa kaunta ya shirika la ndege, alipopiga kelele: "Swala! Njooni muone, Merle kapoteza kofia!"

Huwezi kuacha kuona kitu kama hicho. Ukumbi mzima ulikimbilia dirishani, mimi mbele. Ndege ilikuwa inazunguka juu ikisubiri, na chini yake Merle alikuwa anapiga honi ndani ya gari lake bovu, swala kama thelathini wanakimbia mbele yake, sita wanakimbia nyuma yake, na kofia yake inakimbia peke yake kuelekea Nebraska. Mzee Boutilier alicheka mpaka akashika ukuta. Tulikaa pale labda dakika tano. Bibi Avis hakuja. Nilipogeuka mara moja nilimwona bado dukani, anapangapanga vitu, nikajisemea huyu kaizoea kazi ya duka kuliko mimi.

Tuliporudi, bastola mbili zilikuwa palepale juu ya kitambaa chekundu.

"Haya, mzee. Jibu."

"Ya kulia ndiyo ya kweli."

"Ya kulia ndiyo ya jirani yako," nikasema. "Lipa."

Nikaichukua ya kulia huku nacheka, nikaifunga, kamba, lebo, sahihi. Nikawasindikiza kwa Kinsley. Boksi likaingia kwenye sanduku lao la kahawia, sanduku likaenda. Bibi Avis alinishukuru kwa heshima sana, akaniambia taulo zangu zina pindo dhaifu. Wakapita kwa wakaguzi, wakakaa kule upande wa pili wa kioo.

Nikarudi dukani kuiweka ya Dell kwenye mkoba wangu, maana nikiwa peke yangu huwa siiachi mezani.

Nikaiinua, na mkono wangu ukapanda juu kuliko nilivyoutuma.

Unajua unapokanyaga ngazi ambayo haipo? Ndivyo ilivyokuwa, ila kwa mkono. Yai moja lilikuwa limekosekana. Nikavuta kinyundo. Tk-tk. Nikangoja mbili zilizobaki. Hazikuja.

Nilisimama na ile zinki mkononi nikijaribu kukumbuka uzito wa ile niliyoifunga. Sikukumbuka chochote. Nilikuwa nacheka. Nani hupima uzito akiwa anacheka? Nilikuwa nimeamini kulia na kushoto, basi, bingwa mzima wa kufumba macho.

Kichwa kikaanza kunionyesha mambo yanayofuata, moja baada ya jingine. Sanduku la kahawia linapita hapa kwa sababu ya lebo yangu. Kesho linafunguliwa Kanada na mtu wa forodha asiyemjua Nedra. Mzee wa miaka sabini na sita na bastola ya kweli ambayo hajaitangaza. Nani atamwamini? Atasema, "Niliinunua dukani, mama mmoja mcheshi aliniambia ni bandia." Wamesikia hiyo mara ngapi? Watamfunga, au watamweka ndani wiki nzima huku wanafikiria, na moyo wa mzee kama yule utakaa ndani wiki nzima?

Merle akaingia bila kofia, nywele zimesimama.

"Umeona nilivyowaswaga?" akasema. "Wale sita wa nyuma walikuwa wananidharau."

"Shemeji, nimemuuzia mtu bastola ya Dell."

Akacheka. Kisha akauona uso wangu, kicheko kikamwishia mdomoni.

"Ipo wapi?"

"Kwenye sanduku. Chini ya lebo yangu."

Merle alifunga mlango wa duka kwa kisigino. Akasogea karibu, sauti chini. "Sanduku liko kwenye toroli. Ndege inaanza kupandisha watu sasa hivi. Nisikilize. Haina risasi. Ina lebo. Itapita."

"Itapita hapa."

"Na Denver, wanakobadili ndege, itapita, mzigo haufunguliwi tena."

"Na Kanada?"

"Kanada si kwetu, Nedra."

"Mzee yule ni wa huko."

"Ukisema neno moja tu, watafunga duka. Watanifuata mimi kuhusu uwanja. Watakufuata wewe, na wewe ndiye uliyetia sahihi. Unajua unachokisema kwenye ile lebo? Unaapa." Akajifuta uso. "Dell angekuambia unyamaze."

"Dell angeniambia ninyamaze, ndiyo. Lini nilimsikiliza?"

Lakini sikuondoka. Nakuambia ukweli, nilisimama pale. Nilikuwa na miaka sitini na mbili, bega bovu, na hii ndiyo kazi pekee iliyonikubali baada ya moto. Nilihesabu moyoni: labda hawatafungua. Labda watafungua na kucheka. Labda huyu, labda yule. Kupitia kioo nilimwona mzee Boutilier amevua kofia, anamwonyesha mtu asiyemjua jinsi Merle alivyokuwa anapiga honi, mikono yote hewani. Mkewe anamvuta shati akae.

Nikafungua mlango.

"Nedra!" Merle akaita. "Nedra, we mwanamke!"

Naibu sherifu wa zamu alikuwa Royce Iverson, ameketi karibu na wakaguzi, anakula andazi la mdalasini kwa uma kama mtu wa mjini. Nilimfundisha kupanda farasi akiwa na miaka sita. Alilia, akadai farasi anamtazama vibaya. Sasa ana futi sita na kitu, na ndevu.

"Afande," nikamwambia.

Akainua macho haraka. Sijawahi kumwita afande. Humwita Royce, au, mbele ya wenzake, Kilio.

"Kuna nini, mama Nedra?"

"Sanduku la kahawia la Boutilier. Ndani mna boksi lenye lebo yangu. Nadhani nimefunga bastola ya Dell badala ya bandia. Mzee hajui lolote. Mkewe hajui lolote. Ni mimi tu."

Uma ukabaki hewani. "Rudia hiyo, polepole, halafu niambie ni utani."

"Maisha yako yote nimekutania, Royce. Leo hapana."

Akauweka uma chini kwa uangalifu mkubwa. Baada ya hapo mambo yakaenda haraka na kwa sauti. Toroli likasimamishwa. Kinsley akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba abiria wawili Boutilier warudi kaunta. Wakatoka wale wazee wawili, mbele ya ukumbi mzima, yeye ameshika kofia, mkewe amekumbatia begi la mkononi kama vile ndilo lililokosea. Wakaguzi wawili wakasimama pembeni. Sanduku likaletwa, likawekwa sakafuni, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuligusa.

Royce alitaka kusema, nikamwomba niseme mimi.

"Mzee Boutilier, nisamehe. Nadhani nimekufungia bastola ya kweli. Kosa ni langu peke yangu."

Rangi ilimtoka kuanzia paji la uso kwenda chini, kama pazia linaloshushwa. Akatafuta kiti, akakaa kwenye kile cha mpiga rangi viatu.

"Mimi," akasema, "hata leseni ya kuvua samaki sina."

"Lorne, usiseme kitu," mkewe akamwambia. "Subiri wakili."

"Wakili gani, Avis? Tumjuaye ni yule aliyeuza nyumba ya dada yako."

Royce alivaa glavu. Akafungua sanduku, akasogeza fulana za sufu, akalitoa boksi. Kwa mara ya kwanza kwa miaka tisa mtu akakata kamba yangu. Akaitoa bastola, akaielekeza chini, akafungua silinda, akatazama, akafunga. Kisha akavuta kinyundo.

Tk-tk.

Akavuta tena. Tk-tk. Akaikwaruza kwa kisu chini ya mpini, akaniletea nione. Zinki, nyeupe kama meno ya kununua.

"Mama Nedra," akasema, "hii ni bandia."

Nilipiga yowe ambalo sijalipiga tangu nilipokuwa natoka lango la rodeo. Nilimkumbatia Kinsley, nikamkumbatia mkaguzi nisiyemjua jina. Mzee Boutilier aliweka mikono yote miwili usoni, mabega yakacheza, sikujua analia au anacheka. Merle, aliyekuwa amejificha nyuma ya mashine ya kahawa, akajitokeza kama mtu aliyekuwa anaikagua tangu asubuhi.

Furaha ile iliishi muda wa kupiga chafya mbili.

"Sawa," Royce akasema. "Hii ni zinki. Na ile iliyobaki dukani?"

"Zinki pia. Nimeivuta mwenyewe."

"Basi ya Dell iko wapi?"

Merle akachungulia ndani ya sanduku. Ndipo bibi Avis akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu wa duka anayetaka kumsahihisha mteja.

"Mnaizungumzia ile yenye mikwaruzo?"

Tukageuka sote.

"Mlipokwenda kutazama wale wanyama," akasema, "niliona zile mbili mezani. Moja, ukiitazama kwa jicho la muuza duka, ilikuwa imechakaa. Mpini umelika, mtutu una alama. Nikaogopa usije ukatufungia hiyo. Msinichukie, lakini wauzaji hufanya hivyo, mimi mwenyewe nilikuwa nafanya, kitambaa chenye doa unakikunja ndani. Basi nikairudisha ile mbovu kwenye rafu, nikachukua nzuri nikaiweka mahali pake."

"Kwenye rafu," nikasema.

"Mwishoni kabisa. Hata kile kikaratasi cha bei nikakihamisha, maana nzuri ilikuwa nacho na mbovu haikuwa nacho. Sipendi kuacha duka la mtu ovyo."

Merle akatoa sauti kama tairi linalopungua upepo.

Na mimi nikakumbuka kwamba nimeacha mlango wazi.

Sijakimbia hivyo tangu bega livunjike. Royce alinipita kwa miguu yake mirefu, Merle nyuma yetu anasema "Mungu wangu, Mungu wangu" kwa mwendo wa hatua zake. Dukani alikuwemo mtu mmoja. Bwana mnene, uso mwema, kofia mpya ya wachunga ng'ombe ambayo bado ina kibandiko cha ukubwa pembeni, anasubiri ndege ya jioni. Alikuwa amesimama mbele ya rafu, na mkononi, akiipima juu chini kama mtu anayechagua tikiti maji, alikuwa ameshika bastola ya Dell. Kikaratasi changu cha bei kinaning'inia.

"Ah, mmefika!" akasema kwa furaha. "Nimezijaribu zote kumi na nne. Nyingine zote kama mabati ya biskuti. Hii ndiyo ina uzito wa maana. Naichukua, nifungie vizuri, mama, ni ya rafiki yangu Ohio."

"Bwana," Royce akasema taratibu sana, "naomba hiyo. Elekeza chini. Asante. Taratibu."

"Nimeiona mimi kwanza!"

"Najua, bwana. Una jicho zuri."

Royce akaipokea. Akafungua silinda, tupu. Akavuta kinyundo, na sote watatu tukashusha pumzi kwa kufuata hesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Bwana wa Ohio alipoelezwa, alikwenda kununua kahawa akasahau kuinywa. Nilimpa kishikio cha funguo. Alikipokea kwa vidole viwili, akauliza kama nacho ni salama.

Royce alinipeleka pembeni. Nilitegemea pingu, nikawa nimeshanyoosha mikono. Akaitazama mikono yangu, akaisukuma chini.

"Kubeba bastola tupu huku nje ya ukaguzi si kosa," akasema. "Kuichezea ujinga hakuna kifungu, ingawa nitawaomba watunge kimoja kwa jina lako. Mchezo umekwisha. Bastola inakwenda nyumbani sasa hivi ndani ya gari langu. Na kuanzia leo kila boksi lako linafunguliwa mbele ya Kinsley, lebo au si lebo."

"Sawa, afande."

"Na nitaandika ripoti. Nitaandika kwamba ulikuja mwenyewe."

"Andika na kwamba nilichelewa kama dakika tatu," nikasema. "Nilisimama kwanza."

Alinitazama, akafunga kalamu. "Hiyo sikuiona," akasema, akaondoka na bastola ya marehemu mume wangu ndani ya mfuko wa karatasi wa maandazi.

Kulikuwa bado na ndege ya kuruka. Rubani alikuwa amesimama mlangoni anatazama saa. Nilimrudishia mzee Boutilier fedha zake nikamwomba radhi tena, na ningemwomba mara kumi, lakini akanikatiza.

"Fedha kaa nazo. Bastola nipe."

"Lorne!" mkewe akasema.

"Nimeitolea jasho, Avis. Jasho lote hili niende mikono mitupu? Yule jirani atanunua sinema mpya tu, lakini mimi nina kisa."

Nikaifunga upya, mbele ya Kinsley, mbele ya wakaguzi, kila mmoja akavuta kinyundo kwa zamu, tk-tk, tk-tk, mpaka ikawa kama saa za ukutani. Bibi Avis alikuwa wa mwisho. Alivuta, akasikiliza, akaigeuza, akatafuta mikwaruzo, hakuiona. Kisha akaniwekea mkono begani, lile bega bovu, bila kujua.

"Ningekuwa mimi," akasema kwa sauti ya chini, "sijui kama ningefungua mdomo. Nimekaa dukani miaka thelathini na mbili. Sijui."

"Na mimi sikujua, bibi," nikamwambia. "Mpaka mlango ulipofunguka."

Waliondoka. Ndege ilichelewa dakika arobaini, na swala, kwa heshima ya siku, hawakurudi. Nilisimama dirishani nikiitazama ikikimbia kwenye lami, ikiinua pua, ikiwabeba wazee wawili na zinki yao kuelekea nyumbani ambako hakuna mtu atakayewauliza kitu. Niliitazama mpaka ikawa doa, na doa likawa labda lipo, labda halipo.

Merle alikuja akasimama karibu nami. Alikuwa ameleta kahawa mbili na alikuwa amesahau kunipa yangu.

"Shemeji," akasema. "Kama ungenisikiliza mimi..."

"Malizia."

Alitazama kahawa. Alikuwa anamfikiria yule bwana mwenye kofia mpya, najua, na boksi ambalo ningelifunga kwa mikono yangu mwenyewe, kwa kicheko, dakika kumi baadaye, na kuliwekea sahihi.

"Sitaki kumalizia," akasema.

"Basi usimalizie. Nishike mkono."

Aliweka vikombe chini, akanishika. Tukasimama hivyo katikati ya ukumbi mtupu, kama watu wanaongoja muziki uanze, ingawa Merle, na hili nalisema mbele yake kila Krismasi, hajui kucheza hata kidogo.